Kinyago cha Karne ya 19 na Dau la Mzimu

Fungua tovuti yoyote kubwa ya mnada, tafuta vitu vya Wakamba, na hutakawia kukutana na uso wa mti uliopigwa picha mbele ya kitambaa cheusi. Maelezo yake ni mafupi: kinyago cha kuvaa usoni, kabila la Wakamba, Kenya, karne ya 19, kilitumika katika matambiko. Kando yake kuna bei inayopanda, idadi ya madau yaliyokwisha kuwekwa, na saa inayohesabu dakika zilizobaki. Mnunuzi aliyeko Doha, Minnesota au Mlolongo huona mambo mawili yanayomvuta mkono kuelekea mfukoni: hadithi ya kifaa na joto la mashindano. Hadithi inamwambia kwamba kifaa ni adimu. Mashindano yanamwambia kwamba wengine wamekwisha kuiamini hadithi hiyo. Hoja yangu ni kwamba yote mawili yanaweza kutengenezwa na upande mmoja tu, upande wa muuzaji, na kwamba hila nyingi katika minada ya vitu vya kukusanywa hazihitaji ujuzi wowote wa kompyuta. Zinahitaji tu mnunuzi asahau kuuliza ni nani mwingine, mbali na anayepokea pesa, anayeweza kuthibitisha anachoonyeshwa. Watu wa Machakos wana sababu ya pekee ya kulifuatilia jambo hili, kwa kuwa sehemu kubwa ya uongo unaouzwa kwa jina la Afrika Mashariki umechongwa, kwa nia njema kabisa, ndani ya kaunti yao.

Tuanze na hicho kinyago. Wakamba ni wachongaji mashuhuri, lakini umashuhuri huo una mwanzo unaojulikana. Simulizi iliyozoeleka Ukambani ni kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu, sehemu iliyo kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui, alijifunza kuchonga sanamu huko Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Wengine husema alijifunza kwa Wazaramo, wengine kwa Wamakonde. Aliporudi alichonga, jamaa na majirani wakamwiga, na baada ya vita vya pili kazi hiyo ilikuwa riziki ya familia nyingi, ikiuzwa kwa walowezi na askari, kisha kwa watalii. Chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kilianzishwa Mombasa mwaka 1963, na Wamunyu nako kuna chama chao. Kabla ya Munge, Mkamba aliujua mti vizuri mno, ila aliuchongea mambo mengine: vigoda vya miguu mitatu vilivyopambwa kwa nyuzi za shaba, mizinga ya nyuki, pinde, vijiko, vichupa vya ugoro. Hakuwa na desturi ya kucheza ngoma akiwa amevaa uso wa mti. Mmaasai pia hakuwa nayo, ingawa vinyago vya uso vya Kimaasai vimejaa mtandaoni kama mchanga; hivyo vilibuniwa kwa ajili ya soko la watalii, na vingi vilitoka katika tezo za Wakamba wenyewe. Kwa hiyo tangazo la kinyago cha matambiko cha Wakamba cha karne ya 19 limekosea mara mbili kabla hujauliza bei. Limekipa kifaa umri ambao ufundi wenyewe hauna, na limekipa kazi ambayo jamii hiyo haikuwa nayo.

Muuzaji mwenye tamaa haiondoi kasoro hiyo kwa hoja, huiondoa kwa moshi na udongo. Kitu kipya hufukiwa ardhini majuma kadhaa, au huning'inizwa juu ya meko, au hupakwa mafuta na vumbi mpaka kikafanana na urithi wa babu. Rangi nyeusi ya viatu hugeuza mti wa kawaida kuwa mpingo. Wanaozijua kazi za mti hawatishwi na mapambo hayo, kwa sababu uchakavu wa kweli una adabu yake: huenda pale mwili wa mtu ulipogusa. Kigoda cha mzee hung'aa katikati ya kiti, na miguu yake huliwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Uchakavu uliotandaa sawasawa kila mahali, hata ndani ya mikunjo ambako kidole hakifiki, umepakwa. Mpingo wa kweli huzama majini. Mti laini uliotiwa rangi huelea, na pamba yenye spiriti hutoka na weusi wake. Shida ni kwamba picha haina uzito wala haizami. Wahenga walisema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, lakini wao walikuwa wamesimama sokoni. Kwenye skrini kizuri na kibaya hujitembeza pamoja, vikiwa na kimo kimoja na mwanga mmoja. Ndiyo maana swali la maana lazima litoke kwenye kifaa na kwenda kwenye nasaba yake: kilitoka kwa nani, lini, na kwa karatasi gani.

Hapa sheria ya Kenya inampa mnunuzi mtego mzuri wa kumtega muuzaji, na ni ajabu kwamba hautumiki zaidi. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inahesabu kuwa ni kitu cha kale kifaa chochote kinachohamishika, isipokuwa vitabu na hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Mwaka huo ndio Waingereza walipotangaza himaya yao ya Afrika Mashariki. Kitu cha namna hiyo hakiruhusiwi kutoka nchini bila kibali. Sasa mrudie muuzaji wa kinyago chako. Ikiwa kweli ni cha karne ya 19, na kilitoka Kenya miaka michache iliyopita, aonyeshe kibali. Kama hana kibali, mambo ni mawili: ama kifaa ni kipya na umri wake ni uongo, ama umri ni wa kweli na kifaa kimevushwa mpaka kinyume cha sheria. Kwa vyovyote vile mtu huyo si wa kumtumia pesa. Neno la kawaida la kujikinga ni kwamba kifaa kimetoka katika mkusanyo binafsi, na mara nyingi mkusanyo huo ni wa bwana wa Ulaya asiyetajwa jina. Maneno hayo yana sauti ya ushahidi, ila ukiyakamua hayatoi tone. Mkusanyo usio na jina, mji wala mwaka hauna tofauti na kusema kifaa kimetoka mahali fulani.

Mtu anaweza kupinga, na kwa haki, kwamba vitu vingi vya kweli viliondoka Kenya zamani, kabla ya sheria hiyo kutungwa, na havina kibali kwa sababu hakuna aliyekidai. Ni kweli. Mradi wa kuorodhesha urithi wa Kenya ulio nje, ulioendeshwa na Makumbusho ya Taifa pamoja na makumbusho na wasanii wa Kenya na Ujerumani, umehesabu zaidi ya vitu 32,000 vilivyomo katika taasisi za ng'ambo, tena hiyo ni hesabu ya taasisi zilizokubali kufungua madaftari yao. Lakini pingamizi hilo linaimarisha hoja badala ya kuidhoofisha. Vitu vilivyoondoka mapema viliacha alama: daftari la makumbusho, barua ya mmishenari, picha ya familia, katalogi ya mnada wa zamani. Nguvu ya alama kama hiyo ilionekana katika mkasa wa vigango, zile nguzo za mti ambazo Wamijikenda wa pwani huwasimamishia wazee wao waliokuwa wa chama cha Gohu. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa kando ya vigango vya nduguze. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Mwaka 1999 Udvardy alikiona kimoja katika slaidi iliyoonyeshwa na mwenzake Linda Giles kwenye mkutano wa wasomi, kikiwa katika hazina ya makumbusho ya chuo kikuu huko Illinois. Cha pili kilipatikana Virginia. Mwaka 2007 kijiji kilirudishiwa chake, na mwaka 2019 makumbusho ya Denver yalirudisha vigango 30. Makumbusho yenye wataalamu yalipokea vitu vya wizi vikiwa na maelezo safi ya sanaa. Kilichoyafichua maelezo hayo ni picha moja iliyopigwa na mtu asiyekuwa akiuza chochote.

Si vya mti peke yake. Sarafu ndizo pengine zinazowanasa Wakenya wengi zaidi, kwa kuwa kila nyumba ina kopo lenye sarafu za zamani. Mfano ninaoupenda ni wa Mfalme Edward wa Nane wa Uingereza, aliyetawala miezi michache tu mwaka 1936 kabla ya kujiuzulu. Sarafu za Kiingereza zenye sura yake hazikuwahi kutolewa rasmi kwa matumizi ya umma, na moja ya dhahabu iliuzwa mwaka 2020 kwa pauni milioni moja. Muuzaji mjanja huichukua habari hiyo, ya kweli kabisa, na kuibandika chini ya picha ya senti kumi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936, ile yenye tundu katikati, ambayo kweli imeandikwa jina la Edward. Anachonyamazia ni kwamba senti hizo, za tano na za kumi, zilifyatuliwa kwa mamilioni na kutumika Kenya, Uganda na Tanganyika bila mtu kuzishangaa. Hakuna neno hata moja la uongo katika tangazo kama hilo. Uongo umo katika kuziweka kweli mbili jirani ili mnunuzi aziozeshe mwenyewe. Kinyume chake ni ile rupia 15 ya dhahabu iliyofyatuliwa Tabora mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa, yenye tembo na mlima nyuma yake. Hiyo ni adimu kwa kweli, zilitengenezwa takribani 16,000, na kwa sababu hiyo hiyo imeghushiwa mno. Uadimu wa kweli huzaa bandia. Uadimu wa uongo hauhitaji hata gharama ya kughushi.

Halafu kuna sarafu ya shilingi 40, iliyotolewa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru ikiwa na sura ya Mwai Kibaki. Matangazo huitajia bei ambazo zingenunua pikipiki. Wengi huyasoma na kudhani wana mali kabatini. Kosa lao ni dogo lakini ndilo mzizi wa mambo mengi katika biashara hii: wanachanganya bei iliyotajwa na bei iliyolipwa. Mimi naweza kuandika leo kwamba kikombe changu cha chai ni shilingi milioni mbili, na tangazo likakaa mtandaoni miaka mitano bila kuvunja sheria yoyote. Bei ya kweli ni ile iliyohitimisha mauzo, na tovuti kubwa za mnada huwa na sehemu ya kuchuja vitu vilivyokwisha kuuzwa. Anayeanza hapo huokoa pesa nyingi. Ila hata bei iliyolipwa inaweza kuwa imeghushiwa, na hapo ndipo tunapofika kwenye mashindano yenyewe.

Kwenye mnada wa mifugo, mpinzani wako ana uso. Unamwona anavyomshika ng'ombe nundu, unajua kama ni mchinjaji kutoka Athi River au broka, na akiwa shemeji wa muuzaji kuna mtu atakunong'onezea. Mnada wa mtandaoni umemwondoa uso huyo mpinzani na kumwachia nyota, tarakimu na herufi mbili zenye alama za kuficha jina katikati yake. Kuficha huko kuna sababu nzuri, ya kuwakinga wanunuzi wasisumbuliwe na matapeli. Lakini kunampa kinga pia yule ninayemwita mzimu: mnunuzi asiyekuwepo, ambaye ni muuzaji mwenyewe kwa jina jingine, au binamu yake, au mpambe wa kulipwa, anayeweka dau si kwa ajili ya kununua bali kwa ajili ya kukupandisha ngazi. Ili kuona hasara yake lazima uelewe jinsi mashine ya mnada inavyofanya kazi. Wewe huiambia kiwango chako cha juu kwa siri, na yenyewe hukuwekea dau kidogo kidogo, hatua moja tu juu ya anayekufuata. Tuseme umeiambia shilingi 20,000 kwa kigoda, na mpinzani wako wa kweli amekoma kwenye 6,000. Kwa hatua za 500, kigoda ni chako kwa 6,500. Sasa mzimu anaingia. Anaweka 7,000, mashine inakujibia. Anaweka 9,000, inakujibia. Anakwenda hivyo hadi 19,000 na kuondoka. Umeshinda. Umelipa 19,500. Shilingi 13,000 zimetoka mfukoni mwako kwa kushindana na kivuli, na tovuti imekutumia ujumbe wa pongezi.

Mzimu akizidisha na kukupita, hapotezi kitu. Baada ya siku mbili muuzaji hukuandikia kwa unyenyekevu kwamba mshindi amekwama kulipa, na kwa kuwa wewe ulikuwa wa pili, yuko tayari kukuuzia kwa dau lako la mwisho. Baadhi ya tovuti zina njia halali ya kufanya hivyo, kwa kuwa kuna washindi wanaokwama kweli. Lakini fikiri: dau lako la mwisho lilipandishwa na nani? Kama ni yule aliyekwama, basi bei ya haki ni ile iliyokuwepo kabla yake, na mnunuzi mwenye msimamo ataitaja hiyo au ataondoka. Ishara nyingine zinafahamika kwa wazoefu. Yupo anayeweka madau mapema, kwa haraka, mengi mfululizo, kana kwamba anapapasa gizani kutafuta dari yako. Yupo anayeigusa dari hiyo kisha akaliondoa dau lake kwa kisingizio cha kukosea tarakimu. Yupo ambaye historia yake inaonyesha kwamba karibu madau yake yote yamekwenda kwa muuzaji mmoja, na hajawahi kushinda. Na kuna kifaa kile kile, chenye ufa ule ule, kinachorudi mnadani mwezi unaofuata baada ya kuuzwa kwa kishindo.

Hapa inafaa kuwa waadilifu, kwa sababu tuhuma nazo ni silaha. Hakuna hata moja kati ya ishara hizo iliyo ushahidi peke yake. Mtu mwenye nyota sifuri anaweza kuwa mgeni aliyejiunga jana. Anayeweka dau sekunde tatu kabla ya saa kuisha si tapeli. Ni mtu anayejua kwamba dau la mapema huwaalika wapinzani. Mpenzi wa stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika ataonekana kila mara kwa muuzaji mmoja ikiwa ndiye pekee anayeziuza. (Stempu hizo, nikizitaja, zina hila yake: zile za thamani kubwa zilitumika sana kulipia ushuru wa hati, na kuna wanaosafisha alama hiyo ya ushuru ili stempu ionekane haijaguswa, au waigongee mhuri wa posta wa uongo.) Ishara inapata uzito inapokutana na nyingine, na hasa inapokutana na hadithi isiyo na nasaba. Muuzaji ambaye kifaa chake hakina karatasi na washindani wake hawana uso ameondoa kila kitu ambacho kingeweza kukaguliwa.

Kwamba haya si mawazo ya watu wenye wasiwasi kumethibitishwa mahakamani. William Mastro wa Illinois aliongoza nyumba kubwa ya minada ya kumbukumbu za michezo Marekani. Mwaka 2013 alikiri mashtaka yaliyohusu kupandisha bei kwa madau ya uongo, na akakiri pia kwamba kadi maarufu ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner, iliyouzwa mwaka 2007 kwa dola milioni 2.8, alikuwa ameikata kingo ili ionekane nzuri zaidi. Alihukumiwa miezi 20 gerezani. Kisa kinachofundisha zaidi ni cha mwaka 2000 katika eBay, cha wakili Kenneth Walton. Aliuza mchoro mkubwa wa rangi akijifanya mtu asiyejua sanaa: alidai aliununua kwenye mauzo ya vitu vikuukuu, mkewe hautaki nyumbani, na mtoto ameutoboa kwa baiskeli ya kuchezea. Hakuwa na mke wala mtoto. Pembeni mwa picha zilionekana herufi RD na tarakimu 52, na wanunuzi wakajitangazia wenyewe kwamba huo ni mchoro wa msanii mashuhuri Richard Diebenkorn. Madau yalifika dola 135,805 kabla ya eBay kugundua kwamba Walton aliweka dau katika mnada wake mwenyewe na kuufuta. Uchunguzi ulionyesha kwamba yeye na wenzake wawili walikuwa wakipandishiana bei kwa majina mengi ya uongo. Kumbuka ujinga wake wa kuigiza. Katika vitu vya Kiafrika ujinga huo una sura ya mjukuu anayesafisha nyumba ya babu aliyefanya kazi Kenya, hajui kifaa ni nini, anaweka tu picha. Mtu huyo yupo kweli, na ndiyo maana ni vazi zuri la kuazima.

Wapo wanaosema kwamba bei ya mnada haiwezi kuwa ya uongo, kwani thamani ya kitu ni kile ambacho mtu amekubali kulipa. Hoja hiyo ni nzuri mpaka ukumbuke kwamba inahitaji watu wawili. Mnada unapata heshima yake kutokana na mnunuzi wa pili, yule aliyekubali kulipa karibu sawa na wewe kwa pesa zake mwenyewe. Akiwa mzimu, kilichobaki si mnada tena, ni muuzaji anayekupekua mfuko. Sheria imelijua hilo zamani, kabla ya intaneti. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyorithiwa kutoka Uingereza, inakataza muuzaji kuweka dau au kumtuma mtu amwekee ikiwa hakutangaza mapema kwamba amejiwekea haki hiyo, na inamruhusu mnunuzi kuyahesabu mauzo ya namna hiyo kuwa ya udanganyifu. Sheria ya Wanadi ya mwaka 1996 inamtaka anayefanya kazi ya kunadi awe na leseni. Wengine watasema tovuti zenyewe zina ulinzi wake, nyota na marejesho ya fedha, na ulinzi huo ni wa kweli kwa kitu kilichovunjika njiani au ambacho hakikufika. Kwa umri wa kinyago ni dhaifu, kwa kuwa muuzaji atasema ilikuwa maoni yake, na kwa dau la mzimu hautakusaidia ikiwa hukujua kwamba alikuwepo.

Ulinzi huo unatoweka kabisa mnada unapohamia kwenye kundi la WhatsApp au ukurasa wa Facebook, ambako mnadi ni yeyote mwenye bando, na malipo huenda kwa M-Pesa moja kwa moja kwenye namba ya mtu. Huko mzimu hahitaji hata kufungua akaunti; laini ya pili ya simu inatosha. Muuzaji wa tovuti kubwa anayekuomba mmalizane pembeni ili kukwepa ada anakutoa mahali penye mashahidi na kukupeleka uchochoroni. Na mara nyingine windo ni muuzaji. Tangazo husema kuna tajiri anayenunua sarafu za zamani kwa mamilioni. Mwenye kopo lake anatuma picha, anasifiwa, kisha anaombwa ada ya usajili, ya ukaguzi, ya kodi. Mnamo Agosti 2021 Benki Kuu ya India ililazimika kuwaonya wananchi kwamba walaghai walikuwa wakitumia jina na nembo yake kudai malipo kama hayo. Mnunuzi wa kweli hutoa pesa. Anayeanza kwa kuziomba ameshakueleza kazi yake.

Pingamizi la mwisho ndilo linalosikika kwa upole zaidi: mnunuzi wa Ulaya amefurahi na kinyago chake ukutani, muuzaji amepata faida, basi nani ameumia? Ameumia mchongaji. Kinyago kilichoandikwa karne ya 19 hakiwezi kuwa na mwenyewe aliye hai. Ili uongo wa umri usimame, mtu aliyekaa chini ya mwembe Wamunyu na patasi yake na msasa wake lazima afutwe, na pamoja naye lifutwe dai lake la bei nzuri zaidi. Naye hakudanganya. Aliyechonga uso na kuuza kama uso mpya ni fundi. Udanganyifu huanza mkono wa tatu au wa nne, pale mtu anapoongeza karne kwa kalamu. Ushirika wa wachongaji ulijaribu kuliziba pengo hili kwa njia rahisi sana: mwanachama hupewa namba, na kazi yake huuzwa kwa namba hiyo ili pesa zimfikie. Namba ya mtu si pambo la mbele; itafute chini. Kwa hiyo kabla ya kuweka dau, mwandikie muuzaji na umwombe picha ya kitako cha kifaa, iliyopigwa juani, karibu, pamoja na gazeti la siku hiyo kando yake. Utaona kama chini pana mikato mieupe ya juzi, kibandiko kilichobanduliwa, au mahali palipopigwa msasa kwa mviringo ambapo sehemu nyingine zote ni chakavu. Muuzaji mwaminifu atakuwa na picha hiyo kabla ya jioni. Mwingine atakujibu kwamba kuna watu saba wanaokitaka na saa inakwenda.